Dodoma hadi Dar kuwasikia Msondo: siku tano za treni, ukumbi na basi

Maelezo haya yameandikwa baada ya kurudi Dodoma, kutoka kwenye daftari la matumizi, tiketi zilizobaki mifukoni na picha za simu. Tulikuwa wanne, wote wapenzi wa muziki wa dansi, na tumeshateremka Dar mara nyingi kwa ajili ya bendi; safari hii tulifuata Msondo Ngoma. Bei zote ni za kichwa kimoja, isipokuwa pale tulipoandika vingine. Ilikuwa Septemba, kiangazi, barabara kavu.

Alhamisi, Dodoma: simu kwanza, tiketi baadaye

Mtu wa mkoani hukosea pale anapokata tiketi kabla hajajua bendi itapiga wapi. Bendi za dansi haziendi kwa matamasha ya kutangazwa miezi sita kabla. Zina ratiba ya wiki: ukumbi huu Ijumaa, ule Jumamosi, bonanza Jumapili jioni. Na ratiba hiyo huvunjwa na jambo moja tu, kukodiwa. Akitokea mwenye harusi Tanga au taasisi yenye sherehe ya wafanyakazi, bendi inafuata fedha ya uhakika, na wewe uliyetoka Dodoma unakuta ukumbini kuna spika na kijana wa kompyuta.

Kwa hiyo simu kwa bendi inapigwa mara tatu: Alhamisi asubuhi, Ijumaa kabla ya kupanda treni, na Jumamosi mchana. Usiulize "Jumamosi mpo?" maana jibu litakuwa "tupo". Uliza ukumbi gani, kiingilio kiasi gani, bendi inapanda jukwaani saa ngapi, na kama ni bendi kamili au kikosi cha nusu. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Kikosi cha nusu kinaweza kuja na mpulizaji mmoja au bila mpulizaji kabisa, na nyimbo za zamani zilizotungwa kwa tarumbeta na saksafoni zikikosa vyombo hivyo zinabaki na mashimo ambayo gitaa haliwezi kuziba.

Tulijibiwa: Jumamosi, ukumbi mmoja upande wa Temeke, kiingilio 10,000, bendi kamili, wapulizaji wapo.

Kwa msomaji wa umri mdogo: Msondo Ngoma ni ile ile NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, NUTA. Wanamuziki waliajiriwa kwa mshahara, vyombo vilikuwa mali ya chama. Chama kilipobadili jina, bendi nayo ilibadili: ikawa Juwata Jazz, kisha OTTU Jazz, na mwisho ikabaki na jina la mtindo wake, Msondo. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wake, akiwemo Muhidin Gurumo, walihamia bendi mpya ya Mlimani Park, ile ya mtindo wa Sikinde. Ushindani wa Msondo na Sikinde ulianzia hapo na mashabiki hawajaumaliza hadi leo. Gurumo alirudi Msondo baadaye, na alifariki Aprili 2014. Bendi ambayo imeshaona wanamuziki wa vizazi vitatu haipigi kama bendi ya juzi, na hicho ndicho tunachokifuata.

Tiketi ya treni tulikata baada ya simu hiyo. Unaingia kwenye tovuti ya Shirika la Reli, unachagua siku na treni, unajaza jina na namba ya kitambulisho, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu. Jina liwe lile lile lililo kwenye kitambulisho, maana getini wanalinganisha. Namba ya malipo ina muda wake, ukiiacha mpaka jioni inakufa na kiti kinarudi sokoni. Daraja la kawaida kwenye treni ya kawaida lilikuwa 31,000. Treni za haraka zina nauli ya juu zaidi na hazisimami kila kituo. Kata ya kurudi saa hiyo hiyo. Sisi tuliahirisha, na matokeo yake yanaonekana Jumatatu.

Ijumaa, Dodoma hadi Dar: reli

Safari ya dansi hupangwa kwa kurudi nyuma kuanzia saa 6 usiku wa Jumamosi. Muda huo ndio bendi inapokuwa imepata moto, na ndio unaotakiwa uwe macho, umeshiba, umekaa pazuri na una chenji. Anayepanda treni Jumamosi yenyewe anafika ukumbini na uchovu wa safari. Kila safari humkosi mmoja wa namna hiyo, saa saba usiku amelalia mkono mezani, wapulizaji wako mita kumi kutoka kwake.

Bajaji kutoka Area C hadi stesheni ya SGR, reli ya kisasa, ilikuwa 6,000 kwa watu wawili. Ufike saa mbili nzima kabla ya treni kuondoka. Kuna ukaguzi wa mizigo kwa mashine, ukaguzi wa tiketi, kisha kusubiri. Lango likifungwa limefungwa, hata treni ukiwa unaiona. Begi la mgongoni linatosha. Ukibeba sanduku kubwa utahangaika nalo Kariakoo bila sababu.

Ukiwa na nafasi ya kuchagua kiti, chukua dirisha la kulia kwa anayeelekea Dar. Baada ya Gulwe na Kidete reli inafuata bonde la mto Mkondoa, na karibu na Kilosa unapita mahandaki manne. Ukitazama vizuri utaiona reli ya zamani chini kule, ile iliyokuwa ikisombwa na mafuriko kila masika yakikaza. Ukikaribia Morogoro, milima ya Uluguru inajitokeza upande huo huo wa kulia. Kuna viti vinavyotazama nyuma. Kama kichwa chako ni chepesi kwa kizunguzungu, badilishana mapema na jirani, watu hawakatai.

Morogoro treni inasimama dakika chache tu, lakini mpenda dansi hapiti hapo bila kugeuza shingo. Mji huu ndio uliokuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, na Morogoro Jazz aliyokuwamo Mbaraka Mwinshehe kabla hajaunda Super Volcano mwaka 1973. Mbaraka naye aliondoka kwa ajali, Mombasa, Januari 1979. Kijana wa kiti cha mbele, mwanafunzi wa chuo, alisikia mazungumzo akavua visikizio vyake akauliza, "Samahani wazee wangu, huyo Mbaraka ndiye yule wanampiga redioni Jumapili?" Ndiye. Akaandika jina kwenye simu.

Kutoka Dodoma hadi Dar ilituchukua chini kidogo ya saa nne. Ukitoka stesheni, madereva wa teksi watakuzunguka kabla hujatia mguu nje. Tembea mpaka barabarani, uite gari kwa simu au upande bajaji. Nasi tulifanya hivyo: 8,000 hadi gesti, watu wanne na mabegi yao kwenye bajaji mbili, yaani 4,000 kila moja.

Gesti ni jambo la kutulia nalo. Chagua iliyo karibu na ukumbi, hata kama ni duni kidogo, kuliko nzuri iliyo mbali, kwa sababu saa 9 usiku bei ya usafiri haina mjomba. Tulipata chumba cha vitanda viwili chenye feni na choo cha ndani kwa 35,000 kwa usiku, sawa na 17,500 kila mtu. Omba chumba cha nyuma, mbali na barabara, kwa kuwa usingizi wako mkubwa utakuwa wa mchana. Na kabla hujalipa, muulize mlinzi mwenyewe, si mtu wa mapokezi, kama geti linafunguliwa saa 9 usiku. Mapokezi watasema ndiyo kwa kila kitu.

Chakula cha jioni: wali, maharage na samaki wa kukaanga, 5,000. Baadaye supu ya pweza kwenye kikombe kwa yule wa kona mwenye taa ya chemli, 1,000. Kulala saa nne.

Jumamosi mchana: noti ndogo, usingizi, viatu

Simu ya tatu ilipigwa saa 5 asubuhi. Ukumbi ni ule ule, bendi ipo.

Kazi ya pili ilikuwa chenji. Kwenye dansi watu wanatunza. Mwimbaji akikugusa, au mpiga gitaa la solo akikuchomoa kwenye kiti, unakwenda mbele unamwekea noti kwenye paji la uso, mfukoni au juu ya kipaza sauti. Noti ya 10,000 kwa kila anayekufurahisha itakumaliza kabla ya saa sita. Wengi hutunza kwa noti za 1,000 na 2,000, na hakuna anayekuangalia vibaya. Ukumbini chenji haipatikani, wahudumu wanaificha. Wakala wa fedha mtaani alikuwa nazo, ila hakutaka kuzitoa mpaka tulipotoa fedha kwenye simu hapo kwake. Ni haki yake, kamisheni ndiyo kazi. Kila mtu alitenga 14,000: noti kumi za elfu moja na mbili za elfu mbili.

Mama wa chapati aliye jirani na gesti alitucheka aliposikia tumetoka Dodoma kwa ajili ya Msondo. "Jamani, mimi nakaa hapa mwaka wa tisa sijaingia. Nawasikia bure kitandani." Kisha akaongeza chapati mbili kwenye mfuko bila kuzihesabu. Alitupa pia habari yenye faida: mlango wa ukumbi uko barabara ya nyuma, wa mbele ni wa baa na hauingii moja kwa moja.

Saa 8 mchana hadi saa 11 jioni ni usingizi. Hili si ushauri wa mzaha, weka kengele na ulale. Kisha kula chakula kizito: ugali, nyama ya kuchemsha, mchicha, 6,000. Ukumbini kuna mishikaki na chipsi, lakini saa sita usiku foleni ya jiko inaweza kukulaza hapo dakika arobaini, na hizo ni nyimbo tatu au nne.

Viatu: vya soli ngumu. Sakafu za kumbi nyingi ni saruji iliyosuguliwa, na dansi ni mwendo wa kuteleza. Raba zinang'ang'ania sakafu, mguu unabaki, mwili unageuka, na goti ndilo linalolipa. Shati la mikono mirefu linakusaidia na mbu wa bustanini, si kwa heshima tu.

Jumamosi usiku: ukumbini

Tuliingia saa 2:30 usiku, watu hawajafika thelathini. Kiingilio 10,000, mhuri mgongoni mwa kiganja. Kuwahi ni kwa ajili ya kiti, na kiti si suala la kuona bali la kusikia.

Ukumbi ule una paa la bati lisilo na dari, kuta tupu za matofali yaliyopigwa plasta, na jukwaa kwenye upande mfupi. Sauti ikigonga bati na plasta inarudi, na besi ndiyo inayorudi vibaya kuliko zote, hasa pembeni kuta mbili zinapokutana. Sisi tulikuwa tumeshakaa kwenye kona, meza nzuri, karibu na spika kubwa ya kushoto. Mzee mmoja mwenye kofia ya pama alitupita, akarudi.

"Wanangu, mmetoka wapi?"

"Shikamoo mzee. Dodoma."

"Marahaba. Sasa mtoke Dodoma mje kusikiliza besi? Njooni huku."

Akatupeleka theluthi mbili ya ukumbi kutoka jukwaani, katikati, mkono wa kulia wa meza ya fundi mitambo. Anayerekebisha sauti anarekebisha kwa masikio yake, kwa hiyo pale alipo ndipo muziki unapokuwa sawa. Ukikaa mbele kabisa unasikia spika za jukwaani na ngoma, waimbaji wanapotea. Ukikaa kona, besi inameza gitaa la rizimu. Mzee hakutaka soda. Alikaa meza ya jirani na usiku mzima alikuwa akinyoosha kidole hewani sekunde moja kabla ya wapulizaji kuingia.

Saa 3 vyombo vikaanza kujaribiwa. Mpangilio ulikuwa hivi, ukitazama kutoka viti: drums nyuma katikati, tumba tatu kulia kwake, gitaa la besi karibu na drums, solo na solo la pili upande wa kushoto, rizimu katikati, wapulizaji kulia, waimbaji wanne mbele. Tatizo lilijitokeza mapema. Kipaza sauti cha pili kilikuwa kinapiga mluzi kila mwimbaji anapokiinua. Sababu yake ni ya kawaida: spika ndogo ya jukwaani, ile inayomwelekea mwimbaji ili ajisikie, ilikuwa imekaa mbele ya mdomo wa kipaza sauti, hivyo sauti inatoka inaingia, inatoka inaingia. Fundi alipunguza sauti za juu kwenye mashine, haikutosha. Akapanda jukwaani akaisogeza spika ile nusu hatua nyuma na kuigeuza kidogo. Mluzi ukafa. Katika kumbi nyingi wanaishia kupunguza sauti ya mwimbaji usiku kucha, na watu wanasema bendi imechoka.

Saa 4 bendi ilianza rasmi, lakini ilianza kwa waimbaji vijana na nyimbo za kupasha vyombo joto, nyingine si za kwao. Usikate tamaa hapo, na usimalize noti zako. Huo ndio muda wa kuomba wimbo: andika kwenye karatasi jina la wimbo, jina lako na unakotoka, mpe mtangazaji wa jukwaa pamoja na noti ya elfu mbili, wakati wa mapumziko kati ya wimbo na wimbo. Ukiomba saa saba usiku, orodha imeshajaa. Tuliandika "Dodoma, Area C" na tukatajwa saa 6 kasoro kidogo. Meza tatu zikapiga kelele. Kumbe Wagogo tulikuwa wengi humo.

Saa 6:10 wakongwe wakapanda na sauti ya ukumbi ikabadilika.

Wimbo wa dansi wa aina hii una sehemu mbili na haufupishwi. Ya kwanza ni ya hadithi: mwimbaji mmoja anasimulia, wenzake watatu wanaitikia kwa sauti zilizopangana, magitaa yanatembea taratibu, na wapulizaji wanajaza nafasi kati ya ubeti na ubeti. Watu wanacheza wawili wawili, polepole, wanasikiliza maneno. Hata mwenye bia mkononi anasikiliza, kwa sababu maneno ni ya mambo anayoyajua: mwenye nyumba, mawifi, mtoto aliyeharibikiwa mjini. Kisha drums zinatoa ishara, na inaingia sehemu ya pili, chemko. Solo linapanda shingo ya gitaa hadi karibu na tumbo, linakamata kipande kifupi na kukirudia. Solo la pili linajibu kwa kipande kingine kinachoingia kwenye mapengo ya kile cha kwanza. Rizimu halibadiliki kabisa, na hapo ndipo ugumu wake, kwa sababu akiyumba huyo wote wanaanguka. Kwenye kanda na redioni chemko hukatwa. Ukumbini tulipima wimbo mmoja kwa saa: dakika 14 na nusu, na chemko peke yake ilikuwa dakika tisa.

Katika nafasi fupi kati ya kipande na kipande, mpiga tarumbeta alikuwa na utaratibu wake. Anabonyeza kidude kilicho chini ya chombo, anakitikisa mara moja mate yadondoke sakafuni, anakausha midomo kwa leso nyeupe iliyokunjwa mara nne, anairudisha leso mfuko wa kushoto wa koti, na mdomo wa tarumbeta unagusa midomo yake nusu pigo kabla ya kuingia. Alifanya hivyo usiku mzima bila kuharakisha hata mara moja.

Kutunza kulianza hapo. Mama mmoja mtu mzima, kitenge na kilemba vya kufanana, alitoka nyuma kabisa akicheza, hakukimbia. Akafika mbele, akampachika mpiga besi elfu mbili kwenye paji la uso. Watu wote hutunza waimbaji na solo, mpiga besi huwa anasahaulika, na yule alicheka mpaka noti ikaanguka.

Kuhusu simu: ukirekodi mbele, kipaza sauti kidogo cha simu kinazidiwa na unapata mkwaruzo tu. Rudi nyuma kwa fundi mitambo, shika simu usawa wa kifua, funika kitundu cha kipaza nusu kwa kidole. Usiwashe taa usoni kwa wanamuziki. Na kwa masikio, pamba haisaidii kitu. Vizibo vya sponji vinapatikana kwenye baadhi ya maduka ya dawa, unavibinya, unaingiza, unasubiri vivimbe. Unasikia kila kitu, ila kwa upole.

Bia ilikuwa 3,000, soda 1,000, maji makubwa 1,500. Bendi ilimaliza saa 9:05 usiku. Gesti ilikuwa mwendo wa mita mia tano, lakini hatukutembea. Bajaji 3,000, na mlinzi alifungua geti kabla hatujagonga.

Jumapili: Dar, polepole

Siku hii haina mengi. Kuamka saa 5, supu ya makongoro na chapati 4,500, mchana Feri kula samaki, jioni kulala. Anayetaka kuendelea na muziki anaweza kutafuta bonanza la jioni, kiingilio huwa kidogo au hakuna. Lakini masikio nayo yanahitaji siku.

Jumatatu: basi, na tairi la ndani

Treni ya kurudi ilikuwa imejaa. Jumapili na Jumatatu wanaopanda kuelekea Dodoma ni wengi, wakiwemo wa ofisini, na ndiyo maana tulisema kata ya kurudi siku ile ile ya kwanza. Tukaenda stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Nauli ya basi la daraja la kati 30,000. Kata dirishani, usifuate wapiga debe, na usome namba ya gari kwenye tiketi uilinganishe na iliyo kwenye bango la gari.

Tuliondoka saa 4:15 asubuhi. Mizani ya Vigwaza, Chalinze, mizani ya Mikese, chakula Morogoro kwa dakika ishirini zilizokuwa kumi na tano. Ndizi za kukaanga Dumila, jero kila moja.

Baada ya Dumila, kwenye mwinuko wa kuelekea Gairo, saa 9:40, ulisikika mlio kama mlango wa bati ukipigwa teke. Tairi la nyuma, la ndani. Matairi ya nyuma ya basi ni mapacha, na la ndani likipungua upepo dereva hajui, kwa sababu la nje linalibebea. Linazidi kukunjamana na kupata joto, juu yake lami ya mchana na buti iliyojaa, mwisho linapasuka. Kondakta alikiri kuwa asubuhi waligonga la nje peke yake kwa nyundo. La ndani hugongwa kwa kuingia uvunguni, na asubuhi hakuna anayetaka kuchafua shati.

Ili kulifikia la ndani, la nje lazima litoke kwanza. Jeki ilipoanza kuinua, ikazama kwenye mchanga wa pembeni badala ya kuinua gari. Mara ya pili vivyo hivyo. Dereva wa lori la mahindi lililokuwa likitokea Kibaigwa alisimama upande wa pili, hakuuliza mengi, akashusha ubao mnene wa mti mgumu na jeki yake mwenyewe. Ubao ukalazwa chini ya jeki, mawe mawili mbele na nyuma ya matairi ya mbele, na gari likapanda. Nati kumi, mbili kati yake zimeshikana na kutu. Kijana wa lori akaongeza bomba la chuma kwenye mpini wa spana ili kuurefusha, akasimama juu yake kwa miguu miwili, ya kwanza ikalia, ikalegea. Alipopewa elfu kumi alirudisha tano. "Nunueni maji hao watoto," akasema, akionyesha mama mmoja aliyekuwa na watoto wawili kivulini.

Ilichukua saa moja na dakika hamsini. Mwenye kibanda cha mahindi ya kuchoma alitoa mkeka na stuli zote nne alizonazo, na simu iliyozimika ya abiria mmoja ikachomekwa kwenye betri yake ya sola bila malipo. Anayesafiri mchana kwa njia hii achukue lita moja na nusu ya maji hata kama basi limeahidi chupa.

Gairo upepo ulikuwa umeanza kupoa, Kibaigwa magunia yalikuwa bado barabarani, Chamwino giza. Stendi ya Nane Nane tuliingia saa 2:35 usiku. Bodaboda hadi Area C, 3,000.

Matumizi ya kichwa kimoja kwa siku zote tano: nauli za treni na basi 61,000, gesti usiku mitatu 52,500, kiingilio 10,000, kutunza 14,000, chakula na vinywaji karibu 60,000, bajaji, bodaboda na daladala 24,000. Jumla ni karibu 221,500.

Kwenye simu zetu nne kulikuwa na rekodi kumi na moja. Tisa ni mkwaruzo. Mbili zinazosikika zote zilichukuliwa pale kwa mzee mwenye kofia ya pama, na katika moja sauti yake imeingia, sekunde moja kabla ya tarumbeta: "Haya, sasa."